Nilishona Mapazia Huku Nimeficha Uvimbe

Nilikuwa juu ya ngazi katika nyumba ya wageni, Mbinga mjini. Mkono wa kulia nimeuinua kushikilia bomba la pazia, wa kushoto unatafuta skrubu kwenye mfuko wa kifuani wa aproni. Kidole kikagusa kitu kigumu pembeni mwa titi la kulia, karibu na kwapa. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya kahawa iliyokauka. Nikadhani ni skrubu imejipenyeza ndani ya nguo. Nikashuka, nikafungua vifungo, nikakung'uta blauzi. Hakikuanguka kitu. Nikapapasa tena, na kitu kilikuwa palepale, chini ya ngozi.

Ilikuwa Julai, baridi ya Mbinga ile inayotoa moshi mdomoni, kahawa inachumwa kila mlima. Nilipanda tena ngazi, nikamaliza madirisha yote manne, mwenye nyumba akanisifu. Sikumbuki alisema nini.

Naandika haya nywele zikiwa zimeota tena. Nimewaza mama mmoja nisiyemjua, amekaa mahali na mkono wake umeganda kwapani kama wangu ulivyoganda siku ile. Mambo ya saratani ni nini na inatokea wapi, wenye taaluma watakueleza. Mimi nitakueleza hofu, maana hiyo ndiyo niliyoishi nayo, na hofu hiyo nusura iniue kabla ya ugonjwa wenyewe.

Naitwa Osmunda. Nilizaliwa Lundo, chini kule ziwani, nikaolewa huku juu kwenye kahawa. Kazi yangu ni kupamba nyumba kwa ndani: mapazia, mito ya makochi, kuchagua rangi za kuta, kupanga kitu gani kikae wapi. Mume wangu Kanisius ni fundi seremala, na kazi nyingi tunazipata pamoja, yeye kitanda, mimi vitambaa. Tuna binti mmoja, Editha, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha tatu.

Kwa nini sikumwambia mtu? Nilipokuwa darasa la nne pale Lundo, mama yangu mdogo aliugua titi. Walimhamishia kwenye kibanda cha jikoni, wakaweka majani ya mlimau mlangoni ili sisi watoto tusisikie harufu. Tuliisikia. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Aliniambia, "Weka hapo chini, mwanangu, usiingie." Nilikuwa naweka bakuli nje na kukimbia. Alikaa mle miezi, halafu siku moja bakuli likabaki limejaa. Kwangu mimi ugonjwa huo ulikuwa na mwisho mmoja tu, na mwisho wenyewe nilishauona.

Nikanyamaza Julai yote. Nikanyamaza Agosti. Kila nilipooga nilikigusa, nikijidanganya kwamba leo kimepungua. Nikaanza kulala nimempa mume wangu mgongo. Akiniuliza nasema nimechoka na cherehani.

Septemba alikuja Daktari Eselina. Huyu ni binti wa Mbinga, anafanya utafiti wa saratani ya matiti Dar es Salaam, na alikuja nyumbani akiwa na mpango wake. Kulikuwa na nyumba ya zamani ya mnunuzi wa kahawa iliyokaa miaka bila mtu, yenye vyumba sita na veranda ndefu. Mwenyewe alikubali itumike. Mpango ulikuwa hivi: wapambaji sita, kila mmoja apewe chumba kimoja, akipambe kwa uwezo wake wote. Msimu wa kahawa unaofuata, watu walipe kiingilio kuja kuona, na mwishoni vitu vyote vinadiwe. Fedha iende kwenye utafiti.

Nilialikwa. Tulikaa kwenye mbao ndani ya sebule isiyo na dari, Daktari akasimama mbele yetu na kitenge kimefungwa juu ya suruali.

"Wanawake wa kwetu wanafika hospitali titi limeshapasuka," alisema. "Nataka tujue kwa nini wanachelewa. Nataka tujue uvimbe wao ni wa aina gani na dawa ipi inaufaa, tusiwe tunabahatisha. Hiyo ndiyo kazi ya fedha yenu."

Kisha akatuonyesha jinsi ya kujipima, vidole vitatu, kuzunguka taratibu, mpaka kwapani. Wenzangu wakacheka kwa aibu, wakasukumana. Mimi niliinamia daftari nikaandika vipimo vya dirisha: mia na hamsini kwa mia na ishirini. Nikaviandika tena. Ukurasa ule ninao, umejaa vipimo vilevile kutoka juu hadi chini.

Nilipewa chumba cha tatu, chumba cha kulala. Basi nikawa mtu anayeshona mapazia ya kusaidia wagonjwa wa saratani ya matiti, na ndani ya blauzi yake amebeba uvimbe ambao hajamwambia mtu. Nilikuwa nawaeleza wateja habari za mradi, nawahimiza waje.

Ilifika Oktoba mwishoni. Tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na Daktari, tunapima ukuta. Nikasikia sauti yangu inasema, "Daktari, na kama mtu anacho, lakini hakiumi?"

Alikuwa ameshika ncha ya utepe. Hakugeuka haraka. "Mtu huyo ni nani?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu yako ana umri gani?"

"Arobaini na tatu."

"Na wewe?"

Niliinamia namba za utepe. Akauachia utepe, ukajikunja wenyewe hadi mkononi mwangu. Akafunga mlango, akasema, "Mama Editha, kaa hapa." Hapakuwa na kiti, tukakaa sakafuni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alipofika pale, vilisimama.

"Kina muda gani?"

"Tangu Julai."

Sikugombezwa. Alikohoa kidogo tu, akasema, "Kesho kutwa tunakwenda Songea."

Kumwambia Kanisius kulinishinda nguvu kuliko kumwambia Daktari. Nilimfuata karakana, anapiga randa ubao wa mkaratusi. Aliendelea kupiga randa nilipoanza kusema, akaendelea nilipomaliza. Maranda yakawa yanamfika magotini. Mwishoni akauliza, "Sasa ubao huu niufanye mguu au kichwa cha kitanda?" Nilitoka nikalia nyuma ya kibanda cha kuku.

Songea walinipiga picha, wakachoma sindano nene wakachukua kinyama cha kupima. Wakasema nirudi baada ya wiki tatu kwa majibu. Wiki tatu zile sitaki hata adui yangu azipitie. Nilikuwa nakata kitambaa nakikosea. Nilipanga nani atamlea Editha, nikawachagua, nikawafuta. Kanisani nilikuwa natazama wanawake wa kwaya, nawahesabu, najiuliza kwa nini mimi.

Siku ya majibu Kanisius alisema tutakwenda wote. Alivaa koti lake la harusi. Tulikaa kiti kimoja kwenye basi, ananishika kidole kidogo tu, kama anashika kitu cha moto. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Basi liliposimama Kitai akasema, "Ngoja nikununulie ndizi." Akashuka. Nilimwona dirishani, akaenda hadi kwa muuza ndizi, akapita, akaendelea kutembea. Nikadhani anatafuta choo. Kondakta akagonga bodi, nikapiga kelele, "Bado mtu wangu!" Wakasubiri kidogo. Abiria wakaanza kulalamika. Kanisius alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara chini ya bati la duka, anatazama basi. Macho yetu yalikutana. Hakuja. Basi likaondoka.

Nilisikilizia majibu peke yangu. Pale kwenye benchi nilikaa na mwanamke mwembamba mwenye kofia ya sufu, akaniambia ametoka Litumbandyosi, anaitwa Mama Longina. Alikuwa na karanga za kukaanga kwenye kona ya khanga. Aliniuliza, "Mara ya kwanza?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanimiminia karanga kiganjani. "Tafuna. Ukiwa unatafuna, moyo unashindwa kwenda mbio sana." Nilitafuna mpaka waliponiita.

Daktari wa pale alikuwa kijana mwenye adabu. Alinisalimia, "Shikamoo, mama," akavuta kiti upande wangu wa meza. Nilipoona amekivuta nikajua. Alisema ni saratani, alisema titi liondolewe lote, kisha dawa, kisha mionzi. Alisema bado haijaenda mbali. Hilo la mwisho sikulisikia. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alilirudia mara tatu.

Nilirudi Mbinga jioni nikamkuta Kanisius karakana, koti la harusi bado mwilini, limejaa vumbi la mbao.

"Wamesemaje?"

"Ungekuwepo ungesikia."

Akakaa kwenye gogo. "Mama Editha, mimi sikuweza. Niliona nikikaa pale nikasikia wanakuambia, ndiyo inakuwa kweli." Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na chini ya hasira nilimwelewa, maana mimi nilikimbia miezi mitatu nikiwa nimesimama palepale. Lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia maji ya kuoga yapo jikoni.

Kabla ya upasuaji nilikwenda Lundo kumwambia mama yangu. Alinisikiliza anaanua usipa, dagaa wetu wa ziwani, uliokauka kwenye chanja. Akasema kwa Kinyasa chetu, "Usiwape titi lako. Mdogo wangu hakukatwa."

"Na alikufa, mama."

"Angekatwa angekufa pia."

"Hatujui. Hakuna aliyejaribu."

Aligeuka akaingia ndani, hakunipikia siku ile. Asubuhi nilishuka ziwani, pale wanawake wanapooga nyuma ya mawe. Maji ya Nyasa asubuhi ni baridi lakini hayaumi. Nilikaa mpaka shingoni, nikayashika matiti yangu yote mawili, lile zima na lile bovu. Nilimnyonyesha Editha nalo hilo hilo miaka miwili. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na haikuwa baridi. Nilipotoka, mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameshika taulo. Sijui alikuwepo tangu saa ngapi. Alinifuta mgongo kama mtoto, hakusema neno la kukatwa tena.

Upasuaji ulikuwa Desemba, katika hospitali ya rufaa iliyo safari ya kutwa nzima kwa basi. Safari hii Kanisius hakushuka popote, hata kujinyoosha. Kabla ya kuingizwa, muuguzi alileta fomu. Akanieleza taratibu: wakishaondoa uvimbe, kipande kinaweza kubaki kwa watafiti ili wanawake wa mikoa yetu wajulikane wanaugua aina gani. Nina haki ya kukataa, na matibabu yangu hayatabadilika.

"Watakiweka wapi?" niliuliza.

"Kwenye friji maalumu, Dar es Salaam."

Niliwaza kipande changu ndani ya friji, mahali nisipokujua, mimi mwenyewe labda nimeshazikwa. Nilikaribia kuirudisha karatasi. Kisha nikakumbuka ile sebule isiyo na dari, na Daktari Eselina akisema tusiwe tunabahatisha. Kumbe kitu alichokuwa anakiombea fedha ni hiki. Nilisaini, herufi zikapanda juu na kushuka.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza ni kiu. Cha pili ni uzito ambao haupo. Mwili unaegemea upande mmoja, kama kikapu kilichopakiwa vibaya. Muuguzi akasema, "Mama, yule baba mwenye mkoba wa kike ni wako? Tangu asubuhi kaupakata, hajanyanyuka hata kunywa maji. Tumemwambia ale, amekataa." Nikasema ni wangu. Nililia, ikauma kifua kizima.

Kidonda sikukitazama siku tisa. Siku ya kumi, nyumbani, nilijifungia na kioo. Sitaeleza sana. Palikuwa tambarare, na mshono unakwenda mpaka kwapani, na mimi mshonaji nikajikuta naukagua kama kazi ya mwenzangu: umenyooka, hatua zake sawa. Halafu nikakaa sakafuni.

Januari nikaanza dripu za dawa, ambazo wagonjwa tunaziita kemo. Kila baada ya wiki tatu, mara sita. Watu wanahesabu msimu kwa mahindi. Mimi nilihesabu kwa dripu. Ya kwanza, mahindi yalikuwa magotini, na nilitapika mpaka nyongo. Ya pili, wanawake walikuwa kwenye palizi, nywele zikatoka zote kwenye mto asubuhi moja, Editha akazikusanya kimya akazifunga kwenye leso. Ya tatu, mahindi yamebeba, kucha zangu zikawa nyeusi na usipa niliokuwa naupenda ukawa na ladha ya misumari. Mkono wa kulia ukavimba, pete ikakatwa kwa msumeno mdogo wa Kanisius. Mkono huo ndio unaoshika mkasi.

Nilikuwa nakutana hospitali na Mama Longina, zamu zetu ziliangukia siku moja. Yeye alinitangulia kwa dripu mbili. Alinifundisha kunyonya barafu, kutovaa nguo yenye mikono ya kubana, kuchagua kiti kilicho mbali na jiko la hospitali kwa sababu ya harufu. Mara ya nne nilipofika, nikamwekea nafasi kwenye benchi, nikaweka mkoba wangu. Watu wakaja, nikawa nawaambia pana mtu. Mpaka saa nane. Nikamuuliza muuguzi. Alitazama karatasi zake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema, "Mama, sogeza mkoba mwenzio akae." Basi nikausogeza. Nilichomwa dripu ile nikiwa natetemeka mpaka wakaniongezea blanketi. Sikutaka kurudi kwa ya tano. Kanisius ndiye aliyenivalisha viatu.

Wakati wote huo chumba cha tatu kilikuwa kitupu. Wenzangu vyumba vyao vilikuwa vinapendeza, wanaweka dari za gipsamu na taa za kuning'inia. Daktari Eselina alinipigia simu akasema naweza kujitoa, hakuna atakayenilaumu. Nikamwomba aniachie. Sikuwa na ushujaa wowote. Niliogopa kwamba nikikiachia chumba nitakuwa nimekubali kwamba sitakuwepo.

Lakini mipango yangu ya mwanzo, mapazia ya dhahabu na mito kumi na miwili kitandani, niliifuta. Nilikuwa nimelala miezi ndani ya chumba changu na nikajua chumba kinavyoweza kumtesa mgonjwa. Nilimwambia Kanisius, "Tengeneza kitanda ambacho nikikaa, nyayo zinafika chini." Akapima miguu yangu. "Tengeneza kiti chenye mikono mirefu, niweze kujisukuma kwa mkono mmoja." Mapazia yakawa mazito ya rangi ya majani, kwa sababu siku za kemo mwanga unachoma macho. Ndoana za nguo tukaziteremsha chini, usawa wa kiuno. Karibu na kitanda, kimeza chenye tundu la kukalia beseni. Na kioo nilikitengenezea pazia lake dogo, ili siku hutaki kujiona unalivuta, siku ukiweza unalifungua.

Kamati ya mradi haikupenda. Mmoja wao alinijia nyumbani akasema, "Dada Osmunda, watu wanakuja kuona uzuri. Hii ni wodi." Nilikuwa sina nguvu ya kubishana, nilimwambia akae kwenye kile kiti. Akakaa, akauliza kama Kanisius anaweza kumtengenezea mama yake mzazi kama hicho.

Juni nilikwenda Dar es Salaam kwa mionzi, wiki tano, nikafikia kwa binamu yangu. Kila siku foleni, kila siku unalala chini ya mashine peke yako, mlango mzito unafungwa na watu wote wanakimbia nje, wewe umebaki. Hakuna maumivu. Ila ule mlango ukijifunga nilikuwa nasali sala zote nilizofundishwa, nachanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Ngozi ikawa nyeusi kama sufuria. Chumba kilimaliziwa kwa simu. Editha alikuwa likizo, akakata vitambaa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mama, nimekata."

"Umeacha upindo?"

"Upindo gani?"

Mama yangu alipanda kutoka Lundo na mikeka miwili ya ukindu aliyosuka mwenyewe, akaitandika sakafuni pande zote mbili za kitanda. Editha alinipigia akaniambia bibi ameipima kwa nyayo zake, mtu asikanyage sakafu ya baridi.

Niliporudi, nilijishonea titi la kitambaa. La dukani sikuliona. Nilijaza ulezi, nikapeleka kwenye mizani ya duka la jirani mpaka nikapata uzito unaoniweka sawa. Jumapili ya kwanza kanisani, wakati wa kupiga magoti, mshono ukaachia. Nikasikia ulezi unateremka tumboni, unamwagika kwenye benchi, unadondoka sakafuni kama mvua ndogo. Editha akatazama chini, akanitazama. Alibana mdomo kwa leso, mabega yanaruka. Na mimi nikashindwa. Tulitoka nje mbio, tukacheka nyuma ya mnara wa kengele mpaka nikashika mbavu. Mwaka mzima hatukuwa tumecheka.

Agosti nyumba ilifunguliwa. Watu walikuja kutoka mjini, kutoka Kitura, wengine walipanda kutoka ziwani. Nilisimama mlangoni mwa chumba changu nimejifunga kilemba, nawaeleza. Wengi walipita haraka. Kwenye vyumba vya taa walikaa zaidi. Sikulaumu.

Mchana aliingia mwanamke mmoja wa makamo, mkulima, ana udongo kwenye nyufa za visigino. Alisema anaitwa Agripina. Aligusa kitanda. Alikaa kwenye kiti, akanyanyuka. Akaenda kwenye kioo, akafungua lile pazia dogo, akalifunga, akalifungua. Watu wakaingia wakatoka, yeye yupo.

"Wanasema ni wewe uliyeumwa," alisema bila kunitazama.

"Ni mimi."

"Wakakukata."

"Ndiyo."

"Na upo."

"Nipo, kama unavyoniona."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebana ubavuni, haukuachia hata alipofunga pazia. Ile hofu yote niliyodhani nimeiacha hospitali ilikuwa imerudi, imesimama mbele yangu na visigino vya udongo. Nilitamani atoke. Nasema kweli: kwa sekunde kadhaa nilitamani aende zake nisijue.

Nikafunga mlango. Nikavuta mapazia mazito, chumba kikawa na giza la kijani. "Kaa hapa kitandani, mama," nikamwambia. "Nionyeshe."

Alichukua muda kufungua vifungo. Mkono wangu uliovimba hauhisi vizuri, nikatumia wa kushoto. Kilikuwepo.

"Tangu lini?"

"Tangu tunafukia mbegu." Kisha akasema, "Usimwambie mtu."

"Daktari yuko veranda," nilisema. "Simwiti mpaka useme."

Nje watu walikuwa wanagonga, wanauliza kama chumba cha tatu kimefungwa. Nyayo zake zilikuwa zimekanyaga mkeka wa mama yangu, vidole vinafinya ukindu na kuachia. Mwishoni akasema, "Mwite, lakini usitoke."

Sikutoka. Agripina sasa amemaliza dripu ya tatu. Nimekwenda naye mara zote tatu.

Mimi napimwa kila baada ya miezi mitatu. Kila inapokaribia napoteza usingizi, nagombana na Kanisius bila sababu, nakata kitambaa nakikosea. Kama ulikuwa unasubiri nikuambie kwamba hofu inakwisha, sina neno hilo. Ukiwa na uvimbe, usisubiri hofu iishe ndipo uende, utasubiri mpaka titi lipasuke. Nenda nayo. Jumatatu ni zamu yangu. Gauni limenyooshwa, lipo kwenye ndoana. Ninaogopa, na nitakwenda.